Maji ya Mlimani

"Huyu mtu hakuuawa kwa fimbo," alisema Daktari Digna huku akivua glavu. "Amekufa maji."

Inspekta Kandida alikuwa amesimama upande wa miguu ya maiti, ndani ya mochwari ya Ifakara, mvua ya masika ikilishambulia bati juu yao. Aliyelala mezani ni Faustin, mkalimani, mzaliwa wa mji huohuo. Jana asubuhi wakulima walimwokota kwenye majaruba ya mpunga kule Namawala, uso umezama topeni na kisogo kimepasuka. Kituoni walikwisha kupata jibu lao. Jaruba alimookotwa lilikuwa likigombewa kati ya wakulima na mfugaji mmoja Msukuma aitwaye Luhende, na fimbo ya Luhende ilikutwa imelala tutani. Mzee wa watu alikuwa mahabusu tangu jana mchana.

"Kama ni maji, hata Namawala yapo," Kandida alisema. "Mfereji uko palepale."

"Maji ya Namawala msimu huu ni uji wa udongo. Mtu akivuta pumzi mle, anavuta tope. Huyu tope liko usoni, liko masikioni, mdomoni kidogo, basi. Sasa njoo uone nilichokitoa kwenye koo la hewa."

Daktari alimsogezea kisahani cha chuma. Mlikuwa na punje za mchanga mweupe na kijipande cha mwani wa kijani, ule unaoota kwenye mawe ya maporomoko.

"Maji yaliyomuua yalikuwa safi," alisema. "Yametoka mlimani. Na kisogo kiligonga jiwe, kikamlegeza tu. Tazama mabega."

Kandida aliinama. Kila bega lilikuwa na alama za vidole, zimeiva rangi ya zambarau. Kuna mtu alimkandamiza akamshikilia mpaka akatulia.

"Nani mwingine analijua hili?"

"Mimi na wewe."

"Andika ripoti leo, daktari, lakini usimsomee mtu kwa simu. Hata mkuu wangu."

"Kwani kuna nini?"

"Bado sijajua. Ila Faustin hakuwa mkulima wa mpunga wala hakuwa na ng'ombe. Alikuwa na kazi Mang'ula."

Daktari Digna alimfunika marehemu shuka mpaka kidevuni. Hakuuliza zaidi. Habari ya Mang'ula ilikuwa siri, na kama siri nyingi za bonde la Kilombero, kila mtu aliijua. Katika hoteli moja iliyojificha miti, jirani na makao makuu ya hifadhi ya Udzungwa, walikuwa wamekusanyika watu wa Jamhuri ya Ombeya, nchi ya ng'ambo ya ziwa. Jimbo la Nduwa lilitaka kujitenga nayo. Vita ilianza kama ugomvi wa mipaka na madini, kisha ikageuka ya misikiti na makanisa, majirani waliokopeshana chumvi wakachomeana nyumba. Mabalozi wa Ulaya walilaani. Umoja wa Mataifa ulieleza wasiwasi wake, ukaueleza tena. Mwisho chombo kimoja cha kanda, Jopo la Usuluhishi la Maziwa, kiliwaketisha mahasimu meza moja, mbali na waandishi wa habari, na kesho walitarajiwa kutia saini ya kusitisha mapigano.

Katikati ya meza ile alikaa Faustin, akiyatoa maneno ya hawa na kuyapeleka kwa wale.

*

Msibani, mtaa wa Viwanja Sitini, turubai lilikuwa limejaa maji tumboni na wanaume wawili wakilisukuma kwa mti. Ndani akina mama walikuwa wakisali rozari. Febronia, dada wa marehemu, alimvuta Kandida hadi nyuma ya nyumba, penye migomba.

"Pole sana, mdogo wangu."

"Nimeshapoa, dada. Wanasema Msukuma ndiye aliyemuua. Kweli?"

"Wewe unasemaje?"

Febronia alikunja pindo la kitenge chake, akalikunjua. "Faustin alinipigia Jumapili, nimetoka misa. Akaniuliza, 'Febro, mtu anaweza kusahau sauti?' Nikamwambia sauti ya nani. Unajua alifundisha kule Nduwa, shule ya parokia?"

"Nimesikia."

"Siku walipovamiwa, yeye alipanda darini. Hakuona mtu. Alisikia tu. Kulikuwa na mmoja anatoa amri, taratibu, kama mwalimu wa zamu. 'Wa Ijumaa kushoto. Wa Jumapili kulia.' Wakatenganishwa watoto, dada. Wa Ijumaa hawakurudi nyumbani. Wiki iliyofuata, kijiji cha pili, sauti ileile, na safari hiyo ni wa Jumapili ndio hawakurudi. Faustin alisema mwenye sauti hakuwa na dini. Alitaka watu waogopane tu."

"Na Jumapili hii aliisikia wapi?"

"Mang'ula. Mezani. Alisema, 'Febro, mimi ndiye ninayemtafsiria.' Jina hakunitajia. Alisema tu ndiye pande zote mbili zimekubaliana asimamie hiyo amani."

Kandida alimshika mkono, akauachia. "Hayo usimwambie mtu mwingine. Hata padri. Na usitoke hapa peke yako."

*

Barabara ya Mang'ula ilimchukua kati ya mashamba ya miwa na ukuta wa milima, mawingu yameshuka mpaka kwenye misitu. Hotelini, chini ya paa la maegesho, dereva mmoja alikuwa anasugua sehemu ya nyuma ya gari kubwa jeupe lenye namba za kidiplomasia. Kandida alimfahamu kwa sura. Aliitwa Evod, kijana wa kijiji cha Mbingu, Jopo lilimkodi kuwaendesha wageni.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Wewe ndiye uliyekuwa ukimwendesha Faustin?"

"Yeye na wengine. Juzi jioni nilimshusha Ifakara, stendi."

"Upande gani?"

"Pale kwenye chipsi."

"Alikuwa na begi?"

"Ndiyo. Hapana, hakuwa nalo."

"Aliingia bajaji au alitembea?"

"Sikuangalia, afande."

Kandida alichungulia ndani. Chini, nyuma ya viti, bati la gari lilikuwa tupu. "Zulia la huku liko wapi?"

"Lililowa. Nimelianika."

"Kwenye mvua hii?"

Evod aliendelea kusugua mahali palepale palipokwisha kung'aa. Kabla Kandida hajauliza lingine, sauti nzito ya upole iliita nyuma yake.

"Inspekta. Karibu chai, mwanangu, utaumwa bure na baridi hii."

Balozi mstaafu Nazari, Mtanzania, alikuwa katibu wa Jopo, mtu wa miaka mingi katika kazi ya kupatanisha watu, hata wakulima na wafugaji wa bonde hilo, mwenye nywele nyeupe kama pamba na suti isiyojua kukunjamana. Alimpeleka barazani. Hapo aliketi mwanamume mmoja mwembamba, mikono imetulia juu ya magoti, na pembeni yake mkalimani mpya, msichana aliyeletwa jana kutoka Arusha.

"Huyu ni Bwana Mareko wa Ombeya," Nazari alisema. "Ndiye atakayeongoza tume ya kusimamia usitishaji. Nimeshawaeleza wajumbe wote jinsi mfugaji alivyompiga marehemu. Imetuumiza sana."

Mareko alisema maneno machache kwa Kifaransa. Sauti yake ilikuwa ya chini, haina haraka. Msichana alisikiliza, akageuka.

"Anakupa pole. Anasema maji hayana huruma, humchukua hata aliyezaliwa mtoni."

Kijiko cha Nazari kilisimama ndani ya kikombe.

"Ni msemo wa kwao," alidakia. "Huutumia kwa msiba wowote."

"Mwambie nashukuru," Kandida alimwambia msichana. "Halafu muulize, maji yapi?"

Swali lilivuka. Mareko alimtazama Kandida kwa mara ya kwanza, macho yake yakakaa usoni mwake kama ya mtu anayepima kitambaa. Akajibu.

"Anasema amesikia mwili uliokotwa kwenye mpunga, na mpunga huota majini."

"Ni kweli. Muulize juzi alasiri alikuwa wapi."

"Hapana." Nazari aliinua kiganja. "Hapo umefika mpakani, Inspekta. Wajumbe wana kinga ya kidiplomasia. Hata swali hilo huna ruhusa ya kuliuliza."

Alimchukua hadi ukingo wa baraza, mbali na masikio. Kutoka huko mlimani ulisikika mngurumo wa maporomoko, umelishwa na mvua ya wiki nzima.

"Kuna kitu umekipata," alisema. "Sikuulizi ni kipi. Nakuomba unipe mpaka kesho jioni. Mimi nimetembelea kambi za watu wa Nduwa, mwanangu. Nimeona mama amebeba kiatu kimoja cha mtoto, hataki kukiweka chini. Wakitia saini kesho, bunduki zitanyamaza. Wasipotia, hakuna balozi wala baraza litakalowarudisha mezani tena."

"Na Luhende?"

"Yuko mahabusu. Yuko salama kuliko angekuwa nje."

"Wake zake na watoto hawako mahabusu, mheshimiwa."

Nazari alifungua mdomo kujibu, lakini simu ya Kandida ilitangulia. Alikuwa Teofili, mkuu wake wa kazi.

"Uko wapi? Namawala kumechafuka. Vijana wamekata ng'ombe wa yule Msukuma, sasa wanataka boma. Nenda, wako askari wanne tu kule."

*

Alifika mchana, chini ya wingu jeusi lililoufanya ule mchana ufanane na magharibi. Mbele ya ofisi ya kijiji palikuwa na wanaume wengi kuliko mvua inavyoruhusu, mapanga mikononi, wengine wamejifunga majani ya mgomba kichwani. Ng'ambo ya mfereji, karibu na boma la miiba, walisimama wanawake wa Luhende na watoto wamejibanza nyuma yao. Ng'ombe wawili walikuwa wamelala majini, na maji pale yalikuwa mekundu.

Mwenyekiti wa kijiji alikuwa ameishiwa sauti. "Nimewaambia wasubiri sheria, afande. Wanasema sheria inakula na wafugaji."

"Kila mtu ajulikane!" mmoja alipaza sauti katikati ya kundi. "Mkulima asimame huku! Mfugaji akae kule!"

Watu walianza kusogea. Mwanamume mmoja aliyekuwa amesimama na mkwe wake Msukuma alimtazama mkwewe, akamtazama aliyesema, akarudi hatua nyuma, akamwacha peke yake. Kandida aliliona hilo. Hakuwahi kufika Nduwa, lakini alijua sasa lilianzaje.

Alipanda nyuma ya gari la polisi.

"Mimi ni Kandida, mtoto wa Mahenge, baba yangu alilima mpunga hukuhuku. Nisikilizeni. Faustin hakufia hapa."

Kelele zilipungua kidogo. Simu zikainuliwa juu, moja baada ya nyingine, kumrekodi.

"Alikuwa kwenye jaruba letu!"

"Aliwekwa kwenye jaruba lenu. Daktari amemfungua. Ndani yake hamna tope la Namawala hata chembe. Mna maji ya mlimani."

"Mlima gani?"

Kandida alijua kila simu iliyoinuliwa ilikuwa mdomo, na kwamba neno lake litafika Mang'ula kabla yeye hajashuka garini, na litavuka ziwa kabla ya machweo. Alimkumbuka mama mwenye kiatu kimoja. Kisha akatazama ng'ambo ya mfereji, ambako msichana mdogo alikuwa amejaribu kumfunika mdogo wake macho.

"Mang'ula," alisema. "Aliuawa majini kule, kwenye maporomoko, na mtu anayeogopa ulimi wake. Wakamleta hapa akiwa maiti, ili ninyi mfanye hiki mlichotaka kukifanya leo."

Mvua iliongezeka. Mkulima mmoja mzee alichomeka panga lake kwenye tuta, akavuka mfereji maji yakimfika kiunoni, akaanza kuwavuta ng'ombe waliokufa wasiendelee kuyaharibu maji. Baada ya muda wawili wakamfuata.

*

Asubuhi yake redio ilisema. Kikao cha Mang'ula kimevunjika. Ujumbe wa Nduwa umesusa, ukidai mkalimani ameuawa ili kumficha mhalifu. Ujumbe wa serikali umeita hayo matusi. Mabalozi wametoa tamko la masikitiko. Katika mji mkuu wa Nduwa, milio ya bunduki imesikika tangu alfajiri.

Teofili alizima redio. Alikuwa hajanyoa ndevu.

"Luhende nimemwachia," alisema. "Hilo ulikuwa sahihi. Kwa mengine, Kandida, kutoka juu wamesema jalada niwakabidhi leo mchana. Wewe unakwenda likizo."

"Mchana, afande?"

"Mchana."

"Kwa hiyo sasa hivi bado ni langu."

Mkuu wake alimtazama sana, halafu akageukia dirishani. "Sijakusikia."

Kandida alikwenda kwenye kizuizi cha barabarani, upande wa kuingilia Ifakara ukitokea Mang'ula. Wajumbe wote wangepita hapo kwenda kupanda ndege. Hakukaa sana. Gari jeupe lilitokea kwenye bonde la miwa, taa zimewashwa, Evod kwenye usukani na Mareko peke yake kiti cha nyuma.

Askari wa zamu alishika kamba ya kizuizi. "Ni wa kidiplomasia, afande. Ninyanyue?"

"Subiri kidogo."

Alitembea hadi kwenye gari. Mlango wa nyuma hakuugusa, wala hakumtazama aliyekaa ndani yake. Alifungua wa mbele.

"Evod, wewe ni Mtanzania. Kinga yao haikufikii. Shuka, uko chini ya ulinzi."

Evod alishuka kama mtu aliyekuwa akisubiri kuambiwa. Kioo cha nyuma kiliteremka taratibu.

"Umeokoa zizi la mtu mmoja," Mareko alisema, kwa Kiswahili kilichonyooka, hakihitaji mkalimani. "Kwetu leo watoto wameambiwa wajipange. Uliza utaambiwa."

Alitoka, akazunguka, akaketi mwenyewe kwenye usukani. Hakuna sheria iliyomruhusu Kandida kumzuia. Aliashiria kwa kichwa, kizuizi kikanyanyuliwa, na gari likapita, likirusha maji ya madimbwi pande zote mbili, mpaka likapotea kwenye kona ya mjini.

Kandida alimkalisha Evod kwenye benchi la kibanda cha askari.

"Mimi sikuua," kijana alisema.

"Najua. Sema."

"Mareko alisema anataka kuongea na Faustin faragha, waende waone maporomoko. Niliwapeleka mpaka njia ilipoishia. Walipanda wawili. Akashuka mmoja, suruali imelowa mpaka kiunoni." Alijifuta uso kwa mkono wa shati. "Nilikwenda kuangalia. Faustin alikuwa kwenye kidimbwi, kama amelala."

"Halafu Mareko akakwambia umpeleke Namawala."

Evod alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Mareko? Mareko hajui hata Namawala iko upande gani. Yeye atajuaje kuna Msukuma anagombana na wakulima? Atajuaje fimbo inapatikana wapi?"

Mvua ilikuwa imekatika. Mabati ya kibanda yalidondosha maji, na miwa ikatulia.

"Nilipiga simu kwa bosi wangu wa Jopo kuripoti," Evod aliendelea, sauti imeshuka. "Nilidhani ataita polisi. Akaja mwenyewe. Akalia, afande, nilimwona analia. Kisha akaniambia, 'Mwanangu, mmoja ameshakufa, tusije tukaua maelfu kwa ajili yake.' Akanielekeza jaruba lenyewe, na mahali pa kuokota fimbo. Akasema kwenye vizuizi hawatafungua gari la namba hizi."

Kandida alisimama. Kwenye barabara ya Mang'ula gari la pili lilikuwa linakuja polepole, jeusi, lenye namba za kawaida za raia. Askari alishika kamba tena.

"Usinyanyue," Kandida alimwambia.

Gari lilisimama. Kioo kiliteremka, na ndani yake zikaonekana nywele nyeupe kama pamba na macho mekundu ya mtu asiyelala. Nazari alimwona Evod kwenye benchi. Akabaki na mikono yote miwili juu ya usukani.

Kandida aliinama kidogo, kama mtoto anavyoinama mbele ya mzazi.

"Shikamoo, mheshimiwa," alisema. "Naomba uzime gari."